Mwaka wa Matembezi ya Wawili Tanga: Mwongozo Kamili wa Safari Fupi na Maisha ya Nyumbani

Ukiwa Tanga mjini, ndani ya saa tatu au nne za barabara una bahari, magofu, mapango, maji moto, msitu wa mvua na milima yenye baridi ya kuvaa sweta. Hata hivyo wapenzi na wanandoa wengi humaliza mwaka wakiwa wamekwenda harusini na msibani tu. Fedha ni sababu mojawapo, lakini si kubwa kama watu wanavyodhani. Kinachoharibu matembezi mengi ya mwambao huu ni kwenda mahali pazuri kwa wakati mbaya: mnafika ufukwe wa Raskazone jioni bahari imerudi nyuma mmebaki na matope, mnalipia boti ya Maziwe na kisiwa kimeshafunikwa, mnapanda msitu wa Amani katikati ya masika. Kwa hiyo tunaanza na wakati, ndipo tuje kwenye fedha na njia.

Hatua ya kwanza: panga mwaka kwa kalenda yenye tarehe mbili

Tafuteni kalenda ya ukutani yenye tarehe za Miladi na za Hijria pamoja, zile zinazogawiwa misikitini na madukani. Hata kama nyumba yenu si ya Kiislamu, ichukueni hiyo, maana tarehe ya Hijria ni tarehe ya mwezi, na mwezi ndio unaoamrisha bahari.

Kwa kalamu nyeusi andikeni kwanza yasiyosogezeka: Ramadhani na sikukuu zake, Krismasi na Pasaka, zamu za kazi, mitihani, harusi za ndugu mnazozijua, na safari za ukweni. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, hivyo msinakili mpango wa mwaka uliopita. Na safari ya ukweni isihesabiwe kuwa matembezi ya wawili. Ni wajibu mzuri na una heshima yake, lakini huko kila mmoja ana watu wa kuwahudumia. Wanaoijumlisha humo ndio wanaofika Desemba wakilalamika kwamba hawakutoka.

Kwa kalamu ya buluu wekeni maji. Pwani yetu hupata maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Nusu ya mwezi tunapata maji mafu, bahari inapanda na kushuka kidogo tu. Kwa Tanga na Pangani, kanuni ya kukumbuka ni hii:

Kuanzia tarehe 14 hadi 16 za Hijria, na kuanzia 29 hadi 2 ya mwezi unaofuata, maji hupwa kabisa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, kisha hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Hizo ni siku za kwenda Maziwe asubuhi, au kuogelea Raskazone jioni.

Kuanzia tarehe 7 hadi 9, na 21 hadi 23, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi, hupwa alasiri. Anayetaka kuogelea aende asubuhi. Jioni ya siku hizo ni ya kukaa ufukweni na kahawa tu.

Kanuni hiyo inatosha kupangia wikiendi miezi mitatu mbele. Siku yenyewe ikikaribia, hakikisheni kwa jedwali la maji la bandari au muulizeni mvuvi yeyote wa Deep Sea au Sahare. Mvuvi atawajibu bila kutazama karatasi.

Kwa kalamu ya kijani wekeni upepo na mvua. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, joto ni kali na mvua chache. Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Kusi huingia mnamo Aprili na kushika nguvu Juni na Julai, bahari huchafuka na boti ndogo hupata taabu. Vuli ni Oktoba hadi Desemba, mvua za vipindi. Bahari hutulia vizuri zaidi katika maleleji, pale upepo mmoja unapouachia mwingine, yaani Oktoba na Novemba, na tena mwishoni mwa Februari hadi Machi. Mambo makuu mawili yanatoka hapo: safari za baharini ziende kwenye maleleji na kaskazi tulivu, safari za milimani ziende Juni hadi Septemba. Mwenye kubadilisha haya mawili atalipa nauli ya kwenda kujifungia chumbani.

Hatua ya pili: fedha zikae mbali na za michango

Gaweni matembezi katika ngazi tatu. Ya kwanza ni ya jioni, kila wiki, ndani ya mji, gharama yake ni bajaji na kitu cha kula. Ya pili ni safari ya siku moja, kila mwezi. Ya tatu ni safari ya kulala, mara tatu kwa mwaka, si zaidi, mpaka mzoee.

Akiba ndogo ya kila siku hushinda ahadi ya mwisho wa mwezi. Mkiweka shilingi 3,000 kila siku ya kazi, kwa siku 26 mnapata 78,000, na kwa mwaka 936,000. Kiasi chochote mtakachochagua, kiwekwe kwenye kibubu au kwenye laini ya simu isiyotumika kwa kitu kingine. Jambo la kulisimamia kwa ukali ni michango ya harusi. Kadi za michango huja kwa wingi na kila moja ina uzito wake, na bila mfuko wake maalumu zitakula akiba ya safari mpaka iishe. Wekeni mifuko miwili tangu Januari. Mfuko wa michango ukiisha, mnachangia kwa kazi: kupika, kupamba, kupokea wageni.

Kabla ya kila safari andikeni mistari mitano: nauli ya kwenda na kurudi, usafiri wa huko huko, kiingilio na mwongozaji, malazi na chakula, kisha dharura. Dharura iwe sehemu moja ya tano ya jumla. Mstari unaosahauliwa sana ni wa pili. Basi la kwenda Muheza ni nafuu, lakini kutoka Muheza kupanda Amani kunaweza kuwagharimu kuliko nauli yote ya awali msipowahi gari la abiria. Kwenye hifadhi na vivutio vya serikali malipo hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu au benki, kwa hiyo salio liwe kwenye simu kabla hamjaingia msituni kusikoshika mtandao. Bebeni vitambulisho vya taifa vyote viwili: mwananchi hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni, na nyumba za wageni huandikisha kila anayelala.

Matembezi ya karibu

Mzunguko wa mjini unatosha asubuhi moja na hauhitaji gari. Anzieni upande wa bandari, penye mnara wa saa na bustani inayotazama ghuba, muende kwenye boma la zamani lenye makumbusho ya Urithi, kisha stesheni ya reli. Reli ya Usambara ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905. Vita vya Tanga vya Novemba 1914, ambako majeshi ya Waingereza yaliyoletwa kutoka India yalishindwa na nyuki wakawavamia askari porini, vilipiganwa kwenye mitaa hii hii. Tokeni saa moja na nusu asubuhi, mmalize kabla ya saa tano. Baada ya hapo jua halina msamaha, na ofisi nyingi zina watu wa shughuli zao.

Uwanja wa Mkwakwani ni jioni nyingine nzuri kwa wapenda mpira. Coastal Union, timu iliyoanzishwa mwaka 1948 na kuchukua ubingwa wa nchi mwaka 1988, ina mashabiki wanaojua kushangilia. Nunueni tiketi mapema na mtoke dakika chache kabla ya mwisho kama mmoja wenu hapendi msongamano.

Machui na Tongoni zifanyike pamoja, nusu siku, kwa barabara ya Pangani. Machui ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na ndiko lilipo kaburi lake, alifariki mwaka 1962. Nendeni kwa adabu ya kwenda makaburini, mavazi ya kusitiri, na muombe ruhusa kwa wenyeji kabla ya kupiga picha. Mkiendelea kusini mnafika Tongoni, kilomita 20 hivi kutoka mjini, kwenye magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya Waswahili wa kale, mengine yakiwa na nguzo. Zamani mahali hapo paliitwa Mtang'ata. Mwezi Januari 1499, Vasco da Gama akirudi kutoka India aliichoma moto meli yake moja, São Rafael, kwenye mafungu ya mchanga ya eneo hilo, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Simameni upande wa bahari maji yakiwa yamekupwa na mtaona mafungu hayo yalivyo mabaya kwa chombo kikubwa. Msipande wala kuegemea kuta; chokaa yake imechoka.

Mapango ya Amboni na maji moto ya Galanos

Mapango yako kilomita 8 hivi kaskazini mwa mji, kwa barabara ya Horohoro, kisha mnaacha lami na kuingia barabara ya vumbi. Bajaji ya kukodi kwenda na kurudi, ikiwasubiri, inafaa kuliko kushuka njiani na kutembea. Patana bei yote kabla ya kupanda, na utaje kwamba mtapitia na Galanos.

Ndani ya pango kuna giza kamili, popo, na vipito vya kuinama mpaka magoti. Kila mtu abebe tochi yake. Tochi ya simu haifai, kwa sababu mikono yote miwili inahitajika mnapotambaa, na simu ikianguka kwenye mwanya wa mwamba haitoki. Vaeni viatu vya kufunika mguu vyenye soli ya kushika, suruali, na nguo msizozionea huruma. Mwongozaji ni lazima. Mtamsikia akisimulia kwamba pango linafika mpaka Kilimanjaro; hiyo ni hadithi ya wenyeji na ina utamu wake. Ukweli wa kutosha ni kwamba mmo ndani ya mwamba wa chokaa uliochimbwa na maji kwa muda mrefu sana. Mtakuta pia mahali ambapo watu huacha sadaka na kuomba. Piteni kimya, msiguse kitu. Msiende siku ya mvua kubwa wala siku inayofuata: mawe huteleza na Mto Mkulumuzi huwa umejaa.

Galanos ni chemchemi za maji ya salfa. Harufu ya mayai viza itawapokea kabla hamjafika. Vueni pete na mikufu ya fedha na kuiacha nyumbani, maana salfa huigeuza nyeusi kwa muda mfupi. Dhahabu haidhuriki. Pimeni maji kwa vidole kabla ya kutia mguu, na mwenye kidonda asiingie.

Pangani na Maziwe: safari ya kulala ya kwanza

Hii ndiyo safari inayostahili kupangwa kwa umakini kuliko zote, na ndiyo inayoharibika mara nyingi. Maziwe ni fungu la mchanga lililozungukwa na matumbawe, baharini mbele ya Pangani. Zamani palikuwa kisiwa chenye miti na kasa walitaga pale. Mmomonyoko ukaondoa miti, na leo maji yakijaa mchanga wote hufunikwa. Mayai ya kasa wanaotaga huko yangezama, ndiyo maana viota huhamishiwa ufukwe wa Ushongo. Eneo hilo lilitengwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, kwa hiyo kuna kiingilio na kuna sheria.

Chagueni wikiendi ambayo Jumapili yake inaangukia tarehe 14 hadi 16 au 29 hadi 2 ya Hijria, kati ya Oktoba na mwanzo wa Desemba, au Februari hadi mwanzo wa Machi. Jumamosi asubuhi ondokeni Tanga kwenda Pangani, kilomita zisizopungua 45, mkipita mashamba ya katani. Zao hilo lilianzia nchini karibu na Pangani, Kikogwe, mwaka 1893. Mkifika, wekeni mizigo, mle, kisha jioni mzunguke mji: boma, majumba ya zamani yenye milango ya nakshi, na ukingo wa mto mkitazama watu wanavuka kwenda Bweni. Hapa ndipo Abushiri bin Salim alipoanzisha upinzani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, na hapa ndipo walipomnyonga Desemba 1889. Mpeni nusu saa ya jioni yenu.

Jioni hiyo hiyo kutaneni na nahodha, msisubiri asubuhi. Mkubaliane mambo sita: bei ya chombo kizima, si ya kichwa, saa ya kuondoka, saa ya kurudi, jaketi za kujiokolea, moja kwa kila mtu, kama kiingilio kimo au hakimo, na nini kitatokea upepo ukikataa. Chombo chenye injini huchukua saa moja hivi, hutegemea bahari. Tazameni jaketi kwa macho yenu, vuteni mikanda yake. Jaketi iliyokatika mkanda huvuka kichwa mtu akianguka majini.

Tuseme maji yatakauka kabisa saa tano. Ondokeni saa mbili na nusu, mfike saa tatu na nusu mchanga ukiwa unazidi kujitokeza, mkae mpaka saa saba, msipitishe. Nahodha asiyejali atawaambia kwamba kuondoka saa nne bado mapema. Mkimsikiliza, mtafika maji yakijiandaa kurudi na mtakaa muda mfupi. Sababu ya pili ya kuwahi kurudi ni upepo, ambao kwa kawaida hupata nguvu mchana na kuwalowesha njia nzima.

Huko hakuna kivuli, hakuna maji ya kunywa, hakuna choo. Bebeni lita 3 za maji kwa kila mtu, mwavuli mkubwa au turubai na kamba, kofia, shati la mikono mirefu la kuogelea nalo, na viatu vya plastiki. Yeboyebo zinatosha kabisa. Kwenye matumbawe kuna wadudu wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia mwilini, na kwenye mchanga wa kina kifupi hulala taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Tembeeni kwa kuburuta nyayo ili asikie na kuondoka. Mwenye kuchafukwa na tumbo baharini anywe dawa yake saa moja kabla ya kupanda, si akiwa ameshaanza kutapika. Msiokote kombe, msisimame juu ya matumbawe, taka zote zirudi Pangani.

Siku mbili kabla, angalieni tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ikitolewa ya upepo mkali na mawimbi, safari ya boti ifutwe, mbaki Pangani mjini. Msibishane na bahari kwa sababu chumba kimeshalipiwa.

Muheza, Amani na Lushoto

Juni mpaka Agosti ni msimu mkubwa wa machungwa ya Muheza, na Muheza ni chini ya saa moja kutoka Kange, stendi ya mabasi ya Tanga. Kwa safari ya siku moja, nunueni kiroba njiani mkirudi, si mkienda. Kwa Amani yenyewe ni vema kulala usiku mmoja, kwa kuwa barabara ya kupanda kupitia Sigi ni ya vumbi na polepole. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea Amani mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka mabara mengine bado imesimama, baadhi minene ajabu. Tafuteni kwenye miamba yenye unyevu ua dogo la zambarau, Saintpaulia, lililopewa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga. Watu wa nchi za mbali hulipanda kwenye vyungu madirishani, na asili yake ni huku kwetu. Hifadhi iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Chukueni mwongozaji pale pale. Bebeni koti la mvua hata kiangazi. Msitu wa Amani haufuati kiangazi cha Ngamiani, kule mjini Tanga.

Magoroto nayo iko Muheza, yenye ziwa katikati ya msitu. Inafaa kwa wanaotaka kupiga hema na kupiga picha. Wikiendi hujaa makundi, hivyo wanaotaka utulivu waende katikati ya wiki.

Lushoto ni safari ya kulala siku mbili. Pandeni basi la moja kwa moja kutoka Kange asubuhi. Mkilikosa, pandeni lolote linalokwenda Moshi au Arusha, mshuke Mombo, halafu mpande Noah au Coaster kwenda juu, kilomita 33 hivi za kona. Anayechafukwa akae mbele, atazame barabara, asitazame simu, na asiwe ametoka kunywa chai ya maziwa. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Kati ya Juni na Agosti baridi ya usiku ni ya kweli: sweta, soksi, na ulizeni maji ya moto na blanketi la pili kabla ya kulipia chumba. Siku ya kwanza tembeeni mjini na sokoni. Siku ya pili nendeni Irente asubuhi, si mchana, kabla ukungu haujaficha bonde la chini. Mwenye nguvu aongeze msitu wa Magamba. Wakati wa masika barabara ya Mombo hadi Lushoto hupata maporomoko, msiende. Plamu na mapichi huanza Desemba, hiyo ni sababu ya kurudi mara ya pili.

Chakula cha njiani

Wali wa nazi usibebwe. Tui huchacha haraka kwenye joto, na chombo kilichofungwa kikiwa moto huharakisha zaidi. Bebeni mihogo ya kukaanga, samaki wa kukaanga mkavu, chapati, mayai ya kuchemsha na matunda ya kumenya. Chakula chochote chenye mchuzi kiliwe ndani ya saa mbili.

Kitu kitamu cha safari ni mkate wa kumimina. Ingawa una tui, ukiiva vizuri hukauka na kukaa siku nzima. Rowekeni vikombe 2 vya mchele usiku kucha. Asubuhi uchujeni, muusage na kikombe kimoja na nusu cha tui zito lililopoa, robo tatu kikombe cha sukari, kijiko kimoja cha chai cha hamira, na punje 6 za iliki zilizotwangwa. Sageni mpaka mkisugua rojo kati ya vidole msisikie chenga. Uzito uwe wa uji mzito unaomiminika polepole. Funikeni dakika 45 mpaka saa moja, uumuke na kujaa mapovu. Pakeni sufuria mafuta, ipasheni moto, koroga rojo mara moja, mimineni. Moto wa chini uwe mdogo. Kingo zikishika na mapovu kutoboka juu, punguzeni makaa ya chini na mpalie makaa juu ya mfuniko mpaka uso uwe wa kahawia. Chomeni kijiti katikati, kikitoka kikavu umeiva.

Ukidumaa bila kuumuka, tui lilikuwa la moto likaua hamira, au hamira ni ya zamani. Ukibonyea katikati, rojo lilikuwa jepesi au uliumuka ukapitiliza, na huo huwa na uchachu. Ukiungua chini na kubaki mbichi ndani, makaa ya chini yalizidi. Upoe kabisa kabla ya kuufunga, la sivyo jasho lake litauozesha.

Nyumbani: masika, jioni na mfungo

Machi hadi Mei msilazimishe safari. Huu ni wakati wa kazi za nyumba za wawili: kuziba paa linalovuja, kupaka chokaa ukuta wa ndani, kupanga picha na karatasi za mwaka, na kujaza daftari la safari. Daftari hilo liwe na nauli mlizolipa, saa za kuondoka na kufika, jina la nyumba mliyolala, na kitu kimoja cha kubadilisha. Kila mwezi mmoja wenu apange safari na mwingine afungashe, kisha mbadilishane. Hapo kila mmoja anajua ugumu wa kazi ya mwenzake.

Chagueni jioni moja ya wiki isiyo na wageni wala televisheni. Kahawa chungu na kashata, au kachori na juisi ya ukwaju, na mazungumzo ya mipango yasizidi nusu saa. Pweza aliyenunuliwa siku za bamvua huwa mwingi na mbichi zaidi, kwa sababu ndizo siku watu hushuka mwambani kumchokoa. Pangeni mlo wake wiki hiyo.

Udi una kanuni zake, hasa masika nguo zinaponuka unyevu. Kaa moja dogo liwashwe mpaka livae majivu meupe, litiwe kwenye chetezo, ndipo muweke kipande cha udi kisichozidi ukucha. Kaa likiwa jekundu mno udi huungua badala ya kufukiza, na chumba hunuka moshi. Fungeni madirisha dakika 10, tundikeni nguo juu ya chetezo kwa urefu wa mkono, kisha fungueni. Mmoja wenu akae karibu akilinda. Chetezo kisiachwe peke yake karibu na pazia. Mwenye pumu ndani ya nyumba, tumieni asumini badala yake.

Ramadhani, safari za mchana zisimame. Jioni baada ya futari, tembeeni kwa miguu kwenda tarawehe au kuzunguka mitaa ya Ngamiani, ambako watu wamo nje mpaka usiku. Wanaoalikwa futari waalike nao mara moja kwa wiki, watu wanne wakitosha, ili mpishi asichoke akiwa amefunga. Wageni wote wa Idi humiminika Raskazone siku ya pili alasiri. Ninyi nendeni siku ya tatu, na kwa kuwa Idi ya Fitiri huangukia mwanzo wa mwezi, siku hiyo maji yatakuwa yanajaa kuelekea jua kuzama. Fikeni saa kumi na moja.